Fankisheni ya vipande: imeungana au imekatika? Dalili, sababu na tiba

Kila likizo ya Juni na ya Desemba, vijana wa kidato cha tano na cha sita hurudi Kigoma kutoka shule za mbali, na jioni baadhi yao huja barazani kwangu Mwanga na madaftari yao. Siku hizi wanakuja hata wa mwaka wa kwanza chuoni. Swali linalorudi kuliko yote ni hili: umepewa fankisheni (kanuni inayotoa jibu moja kwa kila x) yenye vipande viwili au vitatu, sema kama ina mwendelezo, yaani kama imeungana bila kukatika. Kukokotoa wengi wanajua. Kinachowaangusha ni kutojua pa kuangalia. Nimeyapanga hapa malalamiko yao kwa maneno yao wenyewe, na chini ya kila moja nimeweka sababu, ile inayotokea mara nyingi ikitangulia.

Kabla ya dalili yoyote

Pale Kibirizi, boti ya mbao ikivuja, fundi hakai kugonga katikati ya ubao. Anaangalia kwanza pale mbao mbili zinapokutana. Fankisheni ya vipande nayo ikaguliwe hivyo. Tafuta kila ungio, yaani kila x ambapo kanuni moja inaishia na nyingine inaanza, kisha andika mistari mitatu:

Kushoto: x ikisogea kutoka upande wa namba ndogo, f inaelekea ngapi?
Kulia: x ikisogea kutoka upande wa namba kubwa, f inaelekea ngapi?
Penyewe: ukiweka x hiyo hasa, f ni ngapi?

Zikilingana zote tatu, pameungana. Moja ikitofautiana au ikikosekana, pamekatika. Andika mistari yote mitatu hata kama jibu unaliona kwa macho. Karibu kila daftari ninaloletewa likiwa na kosa, mstari mmoja haumo.

"Kushoto 2, kulia 2, na bado nimekosa"

Mfano: f(x) = (x² − 1)/(x − 1) kwa x zote isipokuwa 1, na f(1) = 5. Ukiikaribia 1 kutoka upande wowote unafika 2. Mwanafunzi anaandika "ina mwendelezo" na kufunga daftari.

Sababu ya kwanza, na ndiyo kubwa: hakuandika mstari wa Penyewe. Fankisheni inaelekea 2, lakini ukifika pale unakuta 5. Limiti, yaani ile namba inayoelekewa, ipo; mwendelezo haupo. Hayo ni mambo mawili, na swali limeuliza la pili.

Sababu ya pili: mstari aliuandika, ila kwa kipande kisicho na haki. Ungio ni mali ya kipande chenye alama ya usawa, iwe ≤, ≥ au = peke yake. Kipande chenye < au > kinasogea hadi mlangoni lakini hakiingii. Kwenye mchoro, mwenye mali anawekewa kitone kilichojazwa, na asiyeingia kitone kitupu.

Sababu ya tatu ni adimu: hakuna kipande kinachomiliki ungio. Kimoja kinasema x < 1, kingine x > 1, basi. Hapo lisome swali upya. Likiuliza "kwenye x = 1", jibu ni hapana, kwa kuwa f(1) haipo. Likiuliza "kwenye eneo lake lote", yaani x zote ambazo fankisheni imepewa kanuni, 1 haimo katika eneo hilo na hulazimiki kuihukumu. Nimeona wanafunzi wazuri wakipoteza alama kwa kuchanganya maswali haya mawili, na uwezo wanao.

"Grafu yangu imeungana vizuri, hesabu zinasema imekatika"

Ziamini hesabu kwanza, kisha mtafute aliyeidanganya grafu.

Mara nyingi ni rula. Chukua f(x) = x + 1 kwa x < 3, na f(x) = 2x − 1 kwa x ≥ 3. Mwanafunzi anatengeneza jedwali la namba kamili: x = 1 inatoa 2, x = 2 inatoa 3, x = 3 inatoa 5, x = 4 inatoa 7. Anaweka vitone vinne, anachukua rula, anaunganisha. Grafu inapendeza, haina pengo popote. Lakini kati ya x = 2 na x = 3 mstari wa rula umepita mahali ambapo fankisheni haikupita. Kushoto mwa 3 kanuni ni x + 1, inaelekea 4. Kulia inaanza 5. Pengo la 1 limezibwa na kalamu.

Kipimo chake ni rahisi: ongeza kwenye jedwali x = 2.9 na x = 2.99. Zinatoa 3.9 na 3.99. Mara moja unaona zinaelekea 4 wakati mwenzake anasubiri 5. Mwaka jana binti mmoja wa kidato cha tano alikaa na kosa hili majuma matatu akiamini hesabu zake ndizo mbovu, akazifuta na kuzirudia, akazifuta tena. Hesabu zilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana huwa nawaomba: usiunganishe vitone viwili vilivyo pande mbili za ungio. Chora kipande cha kushoto hadi mpakani, inua kalamu, kisha anza cha kulia.

Ikiwa si rula, basi ni skeli. Kushoto 4 na kulia 4.1 huwezi kuona tofauti yake kwenye karatasi ambayo sentimita moja ni vizio viwili. Na ikiwa grafu umechorewa na simu, programu nyingi huunganisha vitone kama wewe tu.

"Kushoto na kulia zinanipa namba tofauti, kitabu kinasema ni sawa"

Hapa kanuni zimebadilishana upande. Kagua kwa mpangilio huu.

Kwanza, alama. x < 2 ni kushoto mwa 2, bila kujali kipande hicho kimeandikwa juu au chini kwenye mabano makubwa. Watungaji wa mitihani hupenda kukiweka kipande cha kulia juu. Usisome kwa nafasi, soma kwa alama.

Pili, ungio la hasi. Kwenye x = −3, kushoto ni wapi? Wengi wanakwenda −2, kwa sababu 2 ni ndogo kuliko 3. Hapana: kushoto mwa −3 ni −3.1, −4, −5. Ukiwa na wasiwasi chora mstari wa namba, weka kidole, tazama.

Tatu, mabano wakati wa kuweka hasi. Kipande x² − 2x kwenye −3 ni 9 + 6 = 15. Ukisahau mabano utapata −9 + 6 au 9 − 6, na lawama utaitupia dhana ya mwendelezo bure.

"Nimepata sifuri juu, sifuri chini"

Onyo kabla ya tiba: usiandike kwamba 0/0 ni 0, wala kwamba ni 1. Usiandike pia "haipo, kwa hiyo imekatika". Sifuri juu ya sifuri inakuambia tu kwamba kazi haijaisha.

Kinachotokea mara nyingi ni kigawo cha pamoja. (x² − 9)/(x − 3) karibu na 3: juu ni (x − 3)(x + 3), kata, inabaki x + 3, inaelekea 6. Kama swali limesema f(3) = 6, pameungana. Likisema f(3) = k na kukuomba k, ni 6.

Kisha kuna vipeuo. (√(x + 4) − 2)/x karibu na 0: zidisha juu na chini kwa √(x + 4) + 2. Juu inakuwa x + 4 − 4, yaani x, inakatana na ya chini, inabaki 1/(√(x + 4) + 2), inaelekea 1/4.

Halafu kuna ile mistari miwili iliyosimama, inayofuta alama ya hasi. |x − 3|/(x − 3) inamtega kila mtu mara moja maishani, kwa sababu inaonekana kama inakatana ikabaki 1. Kulia mwa 3 ni kweli ni 1. Kushoto, x − 3 ni hasi, juu imegeuzwa chanya, jibu ni −1. Limiti mbili tofauti, na hakuna thamani utakayompa f(3) itakayoziba pengo hilo. Kila ukiona mistari hiyo, ivunje kwanza kuwa vipande viwili, ndipo uendelee.

Na kuna lalamiko dogo linaloambatana na hili: "(sin x)/x karibu na 0 kwenye kalkuleta inanipa 0.01745, kitabu kinasema 1." Kalkuleta yako iko kwenye digrii. Ibadilishe iwe radiani. Hiyo 0.01745 ni π/180, yaani kipimo cha digrii moja kwa radiani. Ukiibadilisha, x = 0.001 itakupa karibu kabisa na 1.

"Natafuta k, napata mbili. Au sipati kabisa"

Si lazima uwe umekosea. Njia ni ileile: linganisha mstari wa Kushoto na wa Kulia, tatua mlinganyo.

Kawaida inatoka moja. kx + 1 kwa x ≤ 2, na kx² − 3 kwa x > 2. Kwenye 2: 2k + 1 = 4k − 3, k = 2. Rudisha: 5 na 5. Sawa.

Kukiwa na k² unaweza kupata mbili, na zote ni halali. k²x kwa x ≤ 1, kx + 6 kwa x > 1: k² = k + 6, kwa hiyo k = 3 au k = −2. Weka 3 uone: 9 na 9. Weka −2: 4 na 4. Usitupe −2 kwa sababu tu ni hasi. Hatupimi urefu wa uzio hapa.

Na k ikipotea kabisa, hilo ndilo jibu. kx + 4 kwa x < 0, kx − 1 kwa x ≥ 0: kwenye 0 unapata 4 = −1. Andika "hakuna k inayowezekana" bila woga.

Ukiwa na herufi mbili, a na b, hesabu maungio: kwa kawaida huwa mawili. Mfano 5 kwa x ≤ 1, ax + b kati ya 1 na 4, 11 kwa x ≥ 4. Ungio la kwanza: a + b = 5. La pili: 4a + b = 11. a = 2, b = 3. Wanaokwama hapa wametumia ungio moja na kusahau la pili.

"Maungio yote mazima, bado jibu ni hapana"

Umekagua maungio na kusahau mbao zenyewe. Linganisha hizi mbili, zote zikiwa na 3 − x kwa x ≤ 2:

Ya kwanza inaendelea na 3/(5 − x) kwa x > 2.
Ya pili inaendelea na 3/(x + 1) kwa x > 2.

Kwenye 2 zote mbili zinaungana: kushoto 1, kulia 1, penyewe 1. Lakini ya kwanza ina asili (sehemu ya chini ya mgawanyo) inayokuwa sifuri x ikifika 5, na 5 iko ndani ya himaya ya kipande hicho. Imekatika pale, tena kwa kupasuka kwenda juu na chini bila mwisho. Ya pili asili yake inakuwa sifuri kwenye −1. Je, −1 imo katika x > 2? Haimo. Kipande hicho hakifiki huko kamwe. Nzima.

Kwa hiyo ukiona asili, kipeuo cha pili, logi au tanjenti, fanya maswali mawili kwa mpangilio: ingeharibika kwenye x gani? Na x hiyo imo ndani ya mipaka ya kipande? Wanaosahau swali la kwanza wanaipitisha fankisheni mbovu. Wanaosahau la pili wanaikataa nzima.

Vipande vya kawaida kama x² + 3x, sin x au eˣ usivipotezee muda. Ndani yake havikatiki popote.

"Ina kona, basi imekatika"

Hapana. |x| ina kona kali kwenye 0, na kushoto, kulia na penyewe zote ni 0. Kona inaharibu mteremko, haiharibu mwendelezo. Kijana anayechanganya hivi asijione mjinga: enzi za mwanahisabati Euler, katika karne ya 18, fankisheni iliyoandikwa kwa kanuni mbili ilihesabiwa imekatika hata kama mchoro wake hauna pengo. Ni Bernard Bolzano wa Prague mwaka 1817 na Augustin-Louis Cauchy wa Paris mwaka 1821 walioweka sawa kwamba kinachopimwa ni thamani kuikaribia thamani, si idadi ya kanuni.

"Vipande vyote viwili vina alama ya usawa"

Yaani kimoja x ≤ 2, kingine x ≥ 2. Pale Tabora reli ya kati inagawanyika, tawi moja Mwanza, jingine Kigoma, na treni inakwenda kokote ilikopangiwa. Fankisheni hairuhusiwi hivyo: x moja, jibu moja. Vipande vikitoa thamani ileile kwenye 2, hakuna tatizo, endelea. Vikitoa thamani mbili, hiyo si fankisheni, na swali la mwendelezo halipo tena. Kagua kwanza kama hukunakili vibaya ubaoni. Karibu kila mara ndivyo ilivyo.

"Nimeandika jedwali la kodi, linaruka"

Hili nalipenda kwa sababu linatoka nje ya daftari. Jedwali la kodi ya mishahara la Tanzania Bara, lenye kiwango cha chini cha asilimia 8 tangu mwaka wa fedha 2021/22, ni fankisheni ya vipande vitano. Kipato cha mwezi kinachotozwa kodi kikiwa hadi 270,000, kodi ni sifuri. Kutoka hapo hadi 520,000, ni asilimia 8 ya kinachozidi 270,000. Hadi 760,000, ni 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Hadi 1,000,000, ni 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Juu ya hapo, ni 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi milioni.

Kagua maungio. Kwenye 520,000, kushoto ni asilimia 8 ya 250,000, yaani 20,000. Kulia inaanza 20,000. Kwenye 760,000, kushoto ni 20,000 + 48,000 = 68,000; kulia 68,000. Kwenye milioni, 68,000 + 60,000 = 128,000; kulia 128,000. Hakuna pengo hata la shilingi. Zile 20,000, 68,000 na 128,000 zimewekwa makusudi kuziba maungio.

Jedwali lako likiruka, sababu ni moja karibu kila wakati: umezidisha mshahara wote kwa asilimia badala ya kinachozidi. Asilimia 30 ya milioni nzima ni 300,000, na hapo unaona mruko wa 172,000 ambao haupo kwenye sheria. Nimewasikia watu wazima, wenye familia, wakiogopa nyongeza ya mshahara kwa kuamini kwamba kuvuka mpaka kutapunguza kinachobaki mkononi. Mwenye 1,000,100 analipa 128,030. Shilingi mia ya ziada imekatwa thelathini, sabini amebaki nazo. Ukiwa na mzazi mwenye hofu hiyo, mkalishe, mwonyeshe mistari mitatu.

Linganisha na tozo isiyo na kiraka. Tuseme boti inabeba mzigo hadi kilo 20 bure, na ukizidi hapo unalipa 5,000. Kushoto mwa 20 ni 0, penyewe 0, kulia 5,000. Hiyo imekatika kweli, na kilo 20 na nusu itakugharimu elfu tano nzima.

Wapi usimame na umwite mwalimu

Kuna fankisheni ambazo mistari mitatu haitoshi, na kuendelea kubahatisha kutakuharibia uelewa ulioujenga.

Simama ukiona sin(1/x) karibu na 0. Inapanda na kushuka kati ya −1 na 1 haraka zaidi na zaidi, haielekei popote, na jedwali la kalkuleta litakupa namba za kukupoteza: ukiweka x = 1/π, 1/(2π), 1/(3π), kila mara unapata 0 na unadhani limiti ni 0. Dada yake, x sin(1/x) yenye f(0) = 0, ina mwendelezo, kwa sababu imebanwa kati ya −|x| na |x|. Tofauti ya hizo mbili inahitaji mtu akuelekeze ana kwa ana.

Simama ukiona "x ikiwa ya sehemu, x ikiwa isiyo ya sehemu". Ile ya mwanahisabati Dirichlet ya mwaka 1829, inayotoa thamani moja kwa namba zinazoandikika kama sehemu na nyingine kwa zisizoandikika, imekatika kila mahali. Haichoreki kwa kalamu yoyote.

Simama pia swali likisema "thibitisha kwa epsiloni na delta", au likiwa na x na y kwa pamoja. Kwenye x na y hakuna kushoto na kulia tu. Kuna njia zisizohesabika za kufika.

Na ukiwa ndani ya chumba cha mtihani na dakika zinakwenda, andika mistari mitatu hata kama haijakamilika, uruke swali, urudi baadaye. Ukienda kwa mwalimu, nenda na daftari lenye makosa yako yote, usifute kitu. Mwalimu anahitaji kuona mstari gani ulikupotea.